Maisha ya Jaji Badruddin Tyabji wa Bombay, 1844–1906

Baada ya hesabu za fedha na habari za kazi za kamati, twaona ni vema kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kiwe pia na habari ya maisha ya mtu mmoja mashuhuri, ili tusome na tupate mafunzo. Safari hii tumemchagua marehemu Badruddin Tyabji, aliyekuwa wakili, diwani, mwanasiasa, na mwisho jaji wa Korti Kuu ya Bombay katika Bara Hindi.

Huenda mtu akauliza, kwa nini tuvuke bahari kutafuta mtu wa kumsimulia? Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu huyu, kabla hajawa jaji na kabla hajajulikana katika siasa, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha kusaidiana cha watu wake, na hakukiacha chama kile mpaka siku ya kufa kwake. Ya pili ni kwamba Bombay si mji mgeni kwetu. Majahazi ya pwani yetu yalikwenda huko na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi tangu zamani za babu zetu. Hata mambo ya sheria yalituunganisha. Rufani kutoka korti ya Kiingereza iliyokuwa Unguja zilipelekwa kusikizwa na Korti Kuu ya Bombay, na za upande wetu wa bara zilikwenda huko huko mpaka ilipoundwa Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 1902. Sheria ya jinai ya Bara Hindi ndiyo iliyotumika katika korti zetu hapa Kenya mpaka mwaka wa 1930. Kwa hiyo korti aliyokalia Jaji Tyabji ilikuwa, kwa miaka kadhaa, korti iliyokuwa juu ya korti zetu.

KUZALIWA NA KULELEWA

Badruddin alizaliwa mjini Bombay tarehe 10 Oktoba, 1844. Baba yake, Mulla Tyab Ali, alikuwa mfanya biashara, na asili ya jamaa zake ilikuwa Cambay, bandari ya zamani katika nchi ya Gujarat. Walikuwa Mabohora wa madhehebu ya Sulaimani, ambao ni kundi dogo hata miongoni mwa Mabohora wenyewe; na Mabohora ni wachache miongoni mwa Waislamu wa Bara Hindi; na Waislamu nao walikuwa wachache kuliko Mabaniani. Twataka msomaji akumbuke jambo hili, kwani mtu aliyezaliwa mchache ndani ya wachache hujifunza mapema jinsi ya kuishi na watu wengi bila kuogopa na bila kujidharau.

Siku zile Waislamu wengi wa Bombay waliiogopa elimu ya Kiingereza. Waliona kwamba mtoto akipelekwa katika shule za Kizungu atapoteza dini na adabu. Matokeo yake ni kwamba Maparsi na Mabaniani walijaa mashuleni, wakapata kazi za serikali na za uwakili, na Waislamu wakabaki nyuma wakihesabu bidhaa madukani. Mzee Tyab Ali hakukubali fikira hiyo. Yeye alikuwa mtu wa dini, tena mwenye kuheshimiwa na watu wake, lakini aliamini kwamba dini ya mtoto hulindwa na malezi ya nyumbani, wala hailindwi na ujinga. Basi akawapeleka wanawe Ulaya kusoma, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa kama ajabu.

Badruddin alianza kusoma katika madrasa, akajifunza Kiurdu na Kiajemi, kisha akaingia shule ya Elphinstone mjini Bombay. Alipokuwa kijana wa kama miaka kumi na sita alipelekwa Ufaransa kutibiwa macho, maana macho yake yalikuwa dhaifu. Kutoka huko akaendelea hadi London, akaingia chuoni na kuufaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, kisha akajiandikisha Middle Temple ili awe wakili.

TAABU YA MACHO

Hapa pana jambo ambalo twaona halifai kupitwa haraka. Kazi ya sheria ni kazi ya kusoma. Wakili asomaye kidogo hushindwa na wakili asomaye sana, hata akiwa na ulimi mzuri namna gani. Kijana huyu, katikati ya masomo yake, alishikwa na ugonjwa wa macho uitwao glakoma, ambao humwingiza mtu gizani kidogo kidogo. Mwisho wa mwaka wa 1864 alilazimika kuyaacha masomo na kurudi kwao Bombay bila shahada yo yote mkononi. Watu wengi katika hali hiyo wangesema kwamba Mungu hakuandika, wakafungua duka.

Badruddin alikaa kwao karibu mwaka mmoja, akatibiwa na kupumzika. Mwaka wa 1865 alimwoa Rahat-un-Nafs, na mwisho wa mwaka ule ule akapanda meli kurudi Uingereza. Mwezi wa Aprili, 1867, alikubaliwa kuwa wakili, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefika Bombay. Alikuwa Mhindi wa kwanza kusimama mbele ya Korti Kuu ya Bombay kwa cheo kile cha uwakili ambacho mpaka wakati huo kilikuwa mikononi mwa Waingereza peke yao.

Hakufika peke yake kabisa. Ndugu yake mkubwa, Camruddin, alikwisha kumtangulia katika sheria. Alikubaliwa huko Uingereza mwaka wa 1858 kuwa wakili wa kutengeneza daawa na hati, na hakuna Mhindi aliyemtangulia katika kazi hiyo. Basi mmoja alitayarisha daawa ofisini na mwingine alizisimamia kortini. Hata hivyo miaka ya kwanza ni migumu kwa kila wakili, na hasa kwa mtu ambaye majaji wote na mawakili wenziwe wote ni wa taifa jingine. Alishinda kwa njia moja tu, nayo ni kujua kesi yake vizuri kuliko mpinzani wake na kusema kwa upole. Baada ya miaka michache jina lake lilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya korti ile, na watu wa kila dini walimpa daawa zao.

BARAZA LA MJI NA WATATU WA BOMBAY

Mwaka wa 1873 Tyabji aliingia katika Baraza la Mji wa Bombay. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa walipa kodi wa mji ule kupewa haki ya kuwachagua baadhi ya madiwani wao. Wako watu wanaoidharau kazi ya diwani, wakaona siasa ni mambo ya bendera na hotuba kubwa tu. Bombay ilikuwa shule nzuri ya kuwafunza kinyume cha hayo. Mambo ya maji, taka, barabara na kodi ndiyo yaliyowafunza viongozi wake namna ya kusoma hesabu za serikali na kuuliza maswali yasiyoweza kuepukwa.

Katika kazi hizo alisimama pamoja na watu wawili: Pherozeshah Mehta, ambaye ni Mparsi, na Kashinath Trimbak Telang, ambaye ni Mbaniani wa ukoo wa Kibrahimani. Mawakili hawa watatu, wa dini tatu, walikuwa marafiki, na watu wa Bombay walizoea kuwataja pamoja kana kwamba ni mtu mmoja. Mwaka wa 1882 Tyabji aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Bombay. Mwaka uliofuata ikatokea fitina ya mswada uliojulikana kwa jina la Ilbert, uliotaka mahakimu wa Kihindi katika wilaya wapewe uwezo wa kuwahukumu Waingereza kama walivyowahukumu watu wengine. Waingereza waliokaa Bara Hindi walipiga kelele kubwa kwamba hawawezi kusimama mbele ya hakimu mweusi. Watatu hawa walihutubia mkutano mkubwa mjini Bombay kuuunga mkono mswada ule. Hawakutukana mtu, walieleza tu kwamba hakimu aliyefaulu mtihani mmoja na mwenziwe, na anayetumia kitabu kimoja cha sheria na mwenziwe, hawezi kugawanywa naye kwa rangi ya ngozi. Mswada ulipitishwa mwaka wa 1884 ukiwa umekatwa kucha, lakini Wahindi walikuwa wamejifunza kwamba asiye na chama hasikizwi. Mwaka wa 1885 watatu wale wakaanzisha chama cha siasa cha jimbo la Bombay, na chama hicho ndicho kilichowakaribisha wajumbe wa Kongresi ya Taifa la Hindi katika mkutano wake wa kwanza, mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

CHAMA CHA ANJUMAN

Sasa twarudi nyuma kidogo, tueleze habari ambayo kwa wanachama wetu ndiyo yenye maana kuliko zote.

Mwaka wa 1874 Badruddin na nduguye Camruddin, pamoja na Waislamu wengine wa Bombay, walianzisha chama kilichoitwa Anjuman-i-Islam. Waislamu wa mji ule walikuwa wamegawanyika. Walikuwako Mabohora, Makhoja, Mamemoni, Wakonkani na wengineo, kila mmoja na msikiti wake, lugha yake na wazee wake. Jambo waliloshirikiana wote lilikuwa moja, nalo ni kubaki nyuma katika elimu. Chama hiki kiliwaita wote bila kuuliza kabila wala madhehebu, kikawaambia kwamba hakuna Gavana atakayewasomeshea watoto wao wakiwa wenyewe hawataki kutoa.

Badruddin alikuwa katibu wa chama, na baadaye akawa rais wake mpaka alipofariki. Wenzetu waliopata kushika kazi ya ukatibu wanaijua kazi hiyo: kuandika barua zisizojibiwa, kugonga milango ya watu walioahidi na wasitoe, kutunza daftari, na kustahimili maneno ya wale wasiofanya kazi yo yote. Wakili huyu, ambaye saa yake moja kortini ilikuwa na thamani kubwa, aliifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Alijua namna ya kuomba pia. Hakwenda serikalini mikono mitupu. Kwanza alikusanya michango ya Waislamu wenyewe, ndipo akaiendea Serikali na Baraza la Mji akiwaonyesha kilichokwisha kukusanywa na kuwaomba watimize kilichosalia.

Shule ya Anjuman ilifunguliwa mwaka wa 1880. Humo watoto walifundishwa Kiingereza na hesabu pamoja na dini na lugha zao, ili mzazi asipate udhuru wa kumzuilia mtoto wake. Mwaka wa 1893 shule ilihamia katika jengo lake, jengo kubwa la mawe lililokabili stesheni kuu ya reli ya Bombay, mahali ambapo kila msafiri aliyeingia mjini hakosi kuliona. Kutoka mwaka wa chama kuanzishwa hadi mwaka wa jengo hilo ni miaka kumi na tisa. Twaomba wanachama waiweke hesabu hiyo moyoni, hasa wale waulizao kila mkutano mkuu kwa nini jambo fulani halijakwisha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe chataka mtu wa kukilinda kisimwagike.

Kazi ya Anjuman haikufa pamoja na waanzilishi wake. Iliendelea katika karne mbili zilizofuata, ikafungua shule na vyuo vingine vingi, vya wavulana na vya wasichana.

URAIS WA KONGRESI

Mwezi wa Desemba, 1887, Kongresi ilifanya mkutano wake wa tatu mjini Madras, na wajumbe zaidi ya 600 walihudhuria. Tyabji alichaguliwa kuwa rais wa mkutano huo, naye akawa Mwislamu wa kwanza kushika cheo hicho. Kabla yake walikuwa W. C. Bonnerjee wa Bengal, na Dadabhai Naoroji ambaye alikuwa Mparsi.

Kwa mtazamaji wa mbali ilikuwa ni heshima tupu. Kwa yeye mwenyewe ilikuwa mzigo mzito, maana wakati huo huo Waislamu wakubwa wa Bara Hindi walikuwa wakiikataa Kongresi. Aliyewaongoza alikuwa Sayyid Ahmad Khan, mwanachuoni mwenye heshima aliyeanzisha chuo cha Aligarh mwaka wa 1875. Siku zile zile za mkutano wa Madras yeye alihutubia mjini Lucknow, akawaambia Waislamu wajitenge. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, nasi tusingetenda haki kama tungeieleza hivyo. Alisema kwamba Waislamu ni wachache na hawajasoma. Mambo yakiamuliwa kwa kura na kazi zikigawanywa kwa mitihani, wao watamezwa. Basi afadhali wasome kwanza, na siasa waiache.

Tyabji hakukana hatari hiyo. Yeye, aliyekuwa amekaa miaka mingi akihangaika na shule ya Anjuman, aliijua kuliko wengi. Lakini alitenganisha mambo mawili. Yako mambo, alieleza, yanayowahusu watu wote wa nchi sawasawa: kodi, sheria, kazi za serikali, matumizi ya fedha za umma. Katika haya, Mwislamu akijitenga hamwumizi mtu ila nafsi yake, kwani kodi itamfika huko huko alikojitenga. Na yako mambo yanayoweza kuwadhuru Waislamu peke yao. Katika hayo njia iliyo bora ni kuwa ndani na kuyazuia, wala si kukaa nje na kulalamika.

Mwaka wa 1888 aliandikiana barua na Sayyid Ahmad Khan na viongozi wengine wa Kiislamu, akijaribu kuwavuta. Hawakuvutika. Hapo pakaonekana uaminifu wake. Mtu mwenye tamaa ya cheo angaliendelea kujiita msemaji wa Waislamu wote, nao wengi wao hawako nyuma yake. Yeye mwezi wa Oktoba mwaka ule alimwandikia Allan Octavian Hume, katibu mkuu wa Kongresi, akamweleza waziwazi kwamba Waislamu wengi wameukataa mwendo huu, na kwamba kuendelea kwa nguvu kungezidisha uadui kati ya watu wa nchi moja. Akashauri mikutano iahirishwe kwa muda wa miaka mitano angalau, ili watu wapate kupatanishwa.

Shauri hilo halikukubaliwa. Kongresi ilikutana Allahabad mwezi wa Desemba kama ilivyopangwa. Lakini jambo jingine alilolishikilia lilikubaliwa. Mkutano wa Allahabad uliweka kanuni kwamba jambo lo lote ambalo wajumbe wa Kibaniani kwa jumla, au wajumbe wa Kiislamu kwa jumla, watalikataa lisiletwe, halitajadiliwa. Yaani wachache walipewa kufuli ya mlango wao. Naye aliposhindwa katika shauri la kuahirisha hakununa wala hakutoka. Alibaki rafiki wa Kongresi.

Je, ni nani aliyeona mbali zaidi, yeye au Sayyid Ahmad Khan? Bara Hindi iligawanywa mwaka wa 1947, miaka arobaini na moja baada ya kufa kwake, kwa damu nyingi. Wako wasemao kwamba mgawanyo huo wathibitisha hofu ya Sayyid Ahmad Khan, na wako wasemao kwamba wathibitisha hatari ya kujitenga. Sisi si watu wa kukata shauri hilo. Twasema tu kwamba kila chama cha watu wachache, popote kilipo, siku moja hulikuta swali hilo mlangoni, nalo halijibiwi kwa hasira.

KITI CHA UJAJI

Mwaka wa 1895 Badruddin Tyabji aliteuliwa kuwa jaji wa Korti Kuu ya Bombay, Mwislamu wa kwanza kukalia kiti hicho. Rafiki yake Telang alikwisha kuwa jaji mwaka wa 1889 na kufa mwaka wa 1893. Kwa cheo hiki ilimbidi Tyabji auache mchezo wa siasa, maana jaji hawi na upande.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka wa 1897. Maradhi ya tauni yalikuwa yameingia Bombay na Poona, na Serikali ilituma askari kuingia majumbani mwa watu kuwatafuta wagonjwa. Watu wa Poona walikasirika sana, na mwezi wa Juni mkubwa wa kazi hiyo, Mwingereza aitwaye Rand, akapigwa risasi, akafa siku chache baadaye. Waingereza walijaa hofu na ghadhabu. Mwisho wa mwezi wa Julai Bal Gangadhar Tilak, mwenye gazeti la Kesari la lugha ya Kimarathi, akashikwa kwa mashtaka ya uchochezi kwa sababu ya maneno yaliyopigwa chapa gazetini mwake.

Mawakili wake waliomba aachiliwe kwa dhamana mpaka siku ya kesi. Hakimu wa kwanza akakataa. Wakaenda Korti Kuu, na majaji wawili wakakataa. Kesi ilipokwisha kupelekwa rasmi mbele ya Korti Kuu, ombi likaletwa tena, na safari hii jaji aliyekuwa kitini alikuwa Tyabji.

Tufikiri hali yake. Tilak hakuwa mtu wa njia yake. Tyabji alikuwa mtu wa upole katika siasa, na Tilak aliwadharau watu wa upole. Tilak alikuwa kiongozi wa Mabaniani walioshikilia sana dini yao, na Waislamu wengi wa Bombay hawakumpenda. Serikali iliyomweka Tyabji kitini ndiyo iliyokuwa mshtaki. Majaji wenziwe walikwisha kukataa, wala hapana mtu ambaye angemlaumu kama angaliwafuata. Lakini sheria ni msumeno, haikati upande mmoja. Tyabji aliangalia jambo moja linalotakiwa kuangaliwa katika dhamana: je, mtu huyu akiachiliwa atarudi kujibu mashtaka? Akaona hapana sababu ya kushuku kwamba atakimbia, na kwamba kumfungia kungemzuilia kutengeneza utetezi wake kabla hajahukumiwa. Tarehe 4 Agosti, 1897, akaamuru aachiliwe kwa dhamana.

Tilak hakukimbia. Alifika kortini mwezi wa Septemba, akahukumiwa na jaji mwingine, mbele ya baraza la watu tisa ambao sita kati yao walikuwa Wazungu. Wale sita walimwona ana hatia, wale Wahindi watatu wakamwona hana, naye akafungwa miezi kumi na minane. Dhamana haikumwokoa na kifungo. Nayo haikukusudiwa kumwokoa. Ilikusudiwa tu kwamba mtu asiadhibiwe kabla ya hukumu, nayo ilitimiza hayo.

Jambo hili lina mkia. Wakili aliyeomba dhamana ile mbele ya Tyabji alikuwa Dinshaw Davar. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka wa 1908, Tilak alishtakiwa tena kwa uchochezi katika Korti ile ile, na sasa Davar ndiye aliyekuwa jaji. Akainyima dhamana ambayo mwenyewe aliwahi kuiomba, na mwisho wa kesi akamhukumu Tilak kifungo cha miaka sita, kilichopitishwa Mandalay katika nchi ya Burma. Hatutaji habari hii ili kumsuta marehemu. Twaitaja kwa sababu yaonyesha kwamba haki haimo katika kiti. Imo katika moyo wa yule akikaliaye.

Mwaka wa 1902 Tyabji alifanywa Kaimu Jaji Mkuu wa Bombay, akawaongoza kwa muda majaji wa Kiingereza wa korti ile ambayo miaka thelathini na mitano kabla yake aliiingia akiwa Mhindi pekee wa cheo chake.

NYUMBANI KWAKE

Mtu huonekana zaidi nyumbani kuliko barazani. Jamaa za Tyabji walikuwa na desturi nzuri ya kuweka vitabu walivyoviita vya akhbar, ambamo kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, wanaume kwa wanawake, aliandika habari za siku, safari, maradhi, furaha na mashauri. Kwa njia hii hata mabinti walizoea kalamu.

Naam, mabinti. Tyabji hakusomesha wavulana peke yao. Aliwapeleka binti zake shule mjini Bombay, na mwaka wa 1904 akawapeleka wawili kusoma Uingereza. Mwaka wa 1903, akiwa rais wa mkutano wa elimu wa Waislamu uliokutana Bombay, alieleza kwamba kufungiwa wanawake kama kulivyokuwa Bara Hindi kulipita mpaka uliowekwa na dini. Wazee wengi hawakupendezwa na maneno hayo. Lakini aliyasema mbele yao, uso kwa uso, naye hakuna aliyeweza kusema kwamba mtu huyu hasali au hafungi. Mkutano ule ulikuwa ni wa watu wa Aligarh, wafuasi wa yule yule Sayyid Ahmad Khan aliyepingana naye katika siasa. Walihitilafiana katika siasa, lakini katika elimu walikuwa kitu kimoja.

MWISHO WAKE

Katika mwaka wa 1906 Jaji Tyabji alikuwa London kwa likizo. Huko, tarehe 19 Agosti, moyo wake ulisimama ghafula, akafariki akiwa na umri wa miaka 61. Alikuwa bado ni jaji, na bado ni rais wa Anjuman.

Mfano wake haukukatika. Mtoto wa nduguye, Abbas Tyabji, aliyekuwa jaji mkuu katika dola ya Baroda, aliacha raha za uzee wake akamfuata Gandhi. Na mwaka wa 1930, Gandhi alipokamatwa katika mambo ya chumvi, mzee huyo mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini ndiye aliyeshika uongozi mahali pake mpaka naye akakamatwa.

Wanachama wenzetu, tumesimulia maisha haya kwa urefu kwa sababu twaona ndani yake mambo matatu yanayotufaa. Kwanza, kuwa mchache si aibu wala si udhuru. Mchache mwenye elimu husikizwa. Pili, kuhitilafiana si uadui. Mtu aweza kushindwa katika shauri na bado akaja katika mkutano unaofuata. Tatu, cheo kikubwa hakimwondolei mtu kazi ndogo. Jaji wa Korti Kuu aliona si haya kuendelea kuwa mtumishi wa chama cha shule, akisoma hesabu zake za mwaka kama mnavyozisoma hizi zetu.

Zile kurasa za hesabu zilizo mwanzoni mwa kitabu hiki zisipitwe basi kama kitu kikavu. Mwanachama azisome, aulize panapohitaji kuulizwa, na ada yake ya mwaka ailipe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mungu amrehemu marehemu Badruddin Tyabji, awarehemu na wazee wetu waliotutangulia katika kazi hii, na atupe sisi tuliosalia subira ya kuimaliza.